Negativu Zilizopita Motoni: Filamu Tatu za Apu na Faida Halisi ya Blu-ray kwa Filamu za Zamani

Julai 1993 moto ulizuka katika maabara ya filamu ya Henderson's, kusini mwa London. Ukali wake ulitokana na mikanda ya naitreti, aina ya zamani ya mkanda wa filamu inayoshika moto upesi. Mkanda wa aina hiyo ukishashika hauzimiki kwa kumwagiwa maji wala kwa kufunikwa, maana hujitolea oksijeni wenyewe unapoungua. Kati ya makopo yaliyokuwa ndani, zilikuwamo negativu za asili za filamu tatu za mwongozaji wa India Satyajit Ray zinazofuata maisha ya mtoto wa Kibengali aitwaye Apu: Pather Panchali ya 1955, Aparajito ya 1956 na Apur Sansar ya 1959.

Zilikuwa hapo kwa kupita tu. Mwaka 1992 Academy ya Marekani, ile inayotoa tuzo za Oscar, ilimpa Ray tuzo ya heshima kwa kazi ya maisha yake yote. Walipotafuta vipande vya filamu zake vya kuonyesha, nakala nzuri zilikuwa adimu mno. Ray alifariki Aprili 23 mwaka huohuo, na Academy ikaanza mpango wa kuziokoa filamu zake. Negativu zikatumwa kutoka India, zikapitia London ili ziendelee na safari ya Los Angeles.

Baada ya moto, kila kipande, jivu na kopo lililotambulika kuwa la filamu za Ray lilikusanywa na kupelekwa Academy hivyo hivyo. Huko ikaonekana kwamba hakuna mashine ya wakati ule ya kuchapia nakala ambayo ingeweza kuupitisha mkanda ule bila kuuvunja. Ila haukutupwa. Makopo yaliwekwa kwenye hifadhi, yakakaa miaka 20 bila kufunguliwa, hadi 2013 kampuni ya Criterion, inayokarabati na kutoa filamu za zamani kwenye diski, ilipoanza na Academy kazi ya ukarabati. Mei 2015 filamu zote tatu zilirudi kwenye skrini kubwa, na Novemba mwaka huo zikatoka kwenye Blu-ray.

Tumekichagua kisa hiki kwa sababu ya swali linaloulizwa sana: filamu nyeusi na nyeupe ya miaka ya 50, iliyopigwa kwa fedha za kuungaunga, itapata nini kwenye diski ya HD? Wengi hujibu kwa kutaja idadi ya pikseli. Kisa cha Apu kinaonyesha kuwa jibu liko kwingine, na kinaonyesha kwa namna ambayo ni vigumu kuipata mahali pengine: filamu tatu, moto mmoja, mafundi walewale, diski za aina moja, lakini kila filamu ilitoka na kiasi tofauti cha mkanda wake wa asili. Kwetu hili ni jaribio kamili, ingawa hakuna aliyelipanga.

Nakala ya nakala

Aliyewahi kupeleka stationery fotokopi ya cheti ili itolewe fotokopi nyingine anajua kinachotokea. Maandishi makubwa yanasomeka bado, lakini muhuri unakuwa doa na picha ya mwenye cheti inageuka kivuli. Mkanda wa filamu unafuata njia hiyohiyo.

Mkanda uliokuwa ndani ya kamera ndio negativu ya asili. Kutoka hapo maabara huchapa chanya yenye chembe ndogo (chembe ni punje za fedha zinazounda picha kwenye mkanda), ambayo ni nakala ya akiba. Kutoka kwenye chanya hiyo hutengenezwa negativu ya pili, na kutoka kwenye negativu ya pili ndipo zinapochapwa nakala za kuonyeshwa sinema. Kila hatua inaongeza mambo matatu. Chembe za mkanda mpya zinapandana na chembe za mkanda wa zamani, kwa hiyo picha inazidi kuwa na vumbi la chembe. Lenzi ya mashine ya kuchapia inapunguza ukali kidogo. Na tofauti kati ya mwanga na giza inasogea: weupe unafunga, weusi unajaa, na rangi za kijivu zilizokuwa katikati zinabanwa.

Negativu ya milimita 35 iliyopigwa vizuri ina undani kuzidi mistari 1,080 ya HD. Nakala ya sinema iliyokwisha kupita hatua tatu hubaki na undani unaoikaribia HD, au pungufu. Matoleo ya zamani ya video, na DVD nyingi za miaka ya mwanzo, yalitokana na nakala za mwisho wa mnyororo huu, mara nyingine zikiwa zimeshachakazwa na projekta. Mtu akiitazama DVD kama hiyo huamini kwamba filamu yenyewe ilipigwa vibaya. Hapo anamsingizia mpiga picha kosa la fotokopi.

Kwa filamu za Apu singizio hili linauma zaidi, kwa sababu mpiga picha wake alikuwa Subrata Mitra. Alianza Pather Panchali akiwa na miaka 21 hivi, bila kuwahi kushika kamera ya sinema kabla ya hapo. Kwenye Aparajito alihitaji kuuigiza mwanga wa ua wa nyumba ya Banaras, mji wa India, ndani ya studio. Katika nyumba za namna hiyo mwanga unashuka kutoka juu, unagonga kuta, unatawanyika, na hauachi vivuli vikali. Taa za studio za wakati ule zilifanya kinyume chake. Mitra alitandika kitambaa cheupe juu ya seti na kuzielekeza taa kwenye kitambaa, ili mwanga urudi chini ukiwa umelainika. Uzuri wote wa kazi hiyo umo katika hatua ndogo ndogo za kijivu kwenye uso, ukutani, kwenye kitambaa cha sari. Hizo ndizo zinazokufa kwanza picha inapochapwa mara ya pili na ya tatu. Ukiondoa kijivu kwenye Aparajito, umemwondoa Mitra.

Mezani kule Bologna

Hakuna maabara ya kawaida ya biashara iliyokubali kuishughulikia mikanda ile. Kazi ikapewa L'Immagine Ritrovata, maabara ya kukarabati filamu ya Bologna, Italia. Makopo yalipofunguliwa, sehemu nyingi zilikuwa majivu. Zilizobaki zilikuwa zimekakamaa na kuvunjika kwa urahisi, kingo zimeyeyuka, na vichwa na mikia ya mizunguko mingi haikuwepo.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuurudishia mkanda unyevu. Kwa kawaida kazi hii hufanywa kwa kuuweka mkanda ndani ya chombo kilichofungwa pamoja na mvuke wa mchanganyiko wa kemikali, kwa siku au wiki kadhaa, hadi ulainike kiasi cha kukunjuka. Fundi asiyeijua hatari yake huishangilia hatua hii mapema. Ulaini huo ni wa muda. Mkanda ukitolewa, unaanza kukauka tena, na mara nyingi hujikunja kuliko mwanzo. Kwa hiyo skana lazima iwe tayari kabla chombo hakijafunguliwa, na kila kipande kiwe na zamu yake.

Kisha ni matundu ya pembeni. Fremu moja ya milimita 35 hubebwa na matundu manne kila upande, na kutoka tundu hadi tundu ni milimita 4.74 tu kwenye negativu. Joto na ukavu huufanya mkanda usinyae. Ukisinyaa kupita asilimia moja hivi, meno ya mashine ya kawaida hayaingii tena kwenye matundu, huyachana. Mafundi wa Bologna waliyajenga upya matundu kwa mkono, wakaondoa selotepu na gundi zilizoyeyukia kwenye picha. Kazi ya mikono peke yake ilikaribia saa 1,000. Baada ya hapo ndipo mkanda ulipoweza kuskaniwa kwa 4K.

Tuiweke 4K hiyo katika vipimo. Skani kamili ya fremu ya milimita 35 yenye pikseli 4096 kwa 3112, ikihifadhiwa kwa biti 10 kwa kila rangi, inachukua karibu megabaiti 51. Pather Panchali ina urefu wa dakika 125 hivi. Kwa fremu 24 kila sekunde hizo ni fremu 180,000, yaani takribani terabaiti 9 kwa filamu moja kabla ya kuifanyia chochote. Mtu akishangaa kwa nini kazi hii haifanyiki kwenye kompyuta ya nyumbani, namba hiyo inamtosha.

Sehemu ambazo negativu haikuokoka zilijazwa kwa chanya za chembe ndogo na negativu za pili zilizokuwa zimetunzwa na Academy, Harvard Film Archive, British Film Institute na Janus Films. Kufika hapa inabidi tuseme wazi kitu ambacho wauzaji wa diski hukipita haraka: ukarabati wa kidijitali hauumbi picha. Mkanda ambao haukutunzwa na mtu yeyote mahali popote hakuna programu ya kuurudisha. Hifadhi nne zilizo mahali tofauti, kila moja ikiwa na nakala yake, ndizo zilizoyafunga mapengo. Wakazi wa Tanga, Mombasa au Zanzibar wanaujua unyevu unaootesha ukungu kwenye viatu vilivyokaa kabatini miezi miwili. Mkanda wa asetati, aina iliyochukua nafasi ya naitreti, kwenye hali hiyo huanza kunuka siki, na harufu ikishasikika uozo umeshaanza kujichochea wenyewe. Nakala ya pili iliyowekwa mahali baridi na pakavu, mbali na ya kwanza, ndiyo bima pekee.

Filamu tatu, matokeo matatu

Asilimia 40 ya negativu ya Pather Panchali ilifaa kutumika. Kwa Aparajito, zaidi ya asilimia 60. Kwa Apur Sansar vipande vilivyosalimika vilikuwa vimeharibika mno, kwa hiyo filamu nzima ilitokana na chanya ya chembe ndogo na negativu ya pili.

Zipange kwenye skrini moja, kwa mpangilio uleule wa runinga, na tofauti inayotafutwa iko mbele yako. Kwenye filamu mbili za kwanza, chanzo kinapobadilika kutoka negativu kwenda nakala, dalili ni hizi: chembe zinakua na kuwa nzito ghafla, anga au sari nyeupe inapoteza mikunjo yake, na kona za giza zinakuwa bapa. Hadithi inaendelea kama kawaida na mtazamaji asiyetafuta anaweza kupita bila kugundua, kwa sababu mafundi waliulinganisha mwanga wa pande zote mbili. Anayetafuta ataona.

Kuna mabadiliko ya aina hiyo ambayo hayahusiani na moto hata kidogo. Kwenye filamu za zama zile, picha moja ilipoyeyukia nyingine, kwa kawaida kipande hicho kilitengenezwa maabara kwa kunakili, kisha kikaunganishwa kwenye negativu. Kwa hiyo sekunde chache kabla na baada ya myeyuko huwa ni za kizazi cha chini, yaani nakala iliyo hatua zaidi kutoka kwenye negativu ya asili, na HD inaionyesha hatua hiyo waziwazi ambapo DVD iliificha. Baadhi ya watazamaji huilalamikia kama kosa la diski. Hilo ni umbo la filamu yenyewe, na hata aliyekaa sinema mwaka 1955 alipata picha hiyohiyo iliyolegea.

Apur Sansar ndiyo inayotufundisha zaidi, ingawa haina hata mita moja ya negativu ya asili. Chanya ya chembe ndogo iliyotunzwa vizuri iko hatua moja tu kutoka kwenye kamera. Ikiskaniwa moja kwa moja, inaruka hatua mbili ambazo nakala ya sinema ilipitia. Ndiyo maana nayo imepanda sana kuliko matoleo yake ya zamani. Anayeambiwa kwamba filamu fulani ‘negativu yake imepotea, kwa hiyo HD haina maana’ anadanganywa. Aulize kwanza kama kuna chanya.

Chembe, na watu wanaozifuta

Baada ya skani, kazi ya kidijitali kwenye studio ya Criterion ilichukua karibu miezi sita: kuondoa uchafu, nyufa na mipindo iliyoletwa na joto. Mkanda uliopindwa na moto haulali bapa mbele ya lenzi, kwa hiyo upande mmoja wa fremu unakuwa mkali na mwingine umefifia, na hali hiyo inabadilika fremu hadi fremu kama kitu kinachopumua. Programu inaweza kuunyoosha mchoro wa picha. Ukali ambao lenzi haikuupata haiwezi kuurudisha.

Uamuzi wao mkubwa ulikuwa huu: pale ambapo kusafisha kungeua chembe na sura ya mkanda, waliona afadhali doa libaki. Sisi tunaona walifanya sawa, na sababu zake ni za kiufundi kama zilivyo za heshima.

Picha ya mkanda imejengwa kwa chembe za fedha. Uso wa mtu, jani, tofali la ukuta, vyote vimechorwa kwa chembe hizo na si kwa kitu kingine kilichojificha nyuma yake. Kisafishi cha kidijitali kinafanya kazi kwa kulinganisha fremu inayotazamwa na za jirani, kisha kuweka wastani. Kisichobadilika kinabaki, kinachobadilika kinalainishwa. Tatizo ni kwamba vinyweleo, vitundu vya ngozi na nyuzi za kitambaa vina ukubwa uleule wa chembe, kwa hiyo vinafutwa pamoja nazo. Uso unakuwa kama wa nta. Mtu akitembea anaacha mkia wa ukungu nyuma yake. Halafu fundi, akiona picha imelala, anaongeza ukali bandia, na kila ukingo unapata mstari mweupe kuuzunguka.

Hili limetokea kwa filamu kubwa. Patton ya 1970 ilipigwa kwa negativu ya milimita 65, yenye eneo kubwa zaidi ya mara mbili ya milimita 35. Hakukuwa na sababu yoyote ya kuogopa chembe zake. Blu-ray ya 2008 ikasafishwa hadi sura zikawa laini kama plastiki, na 2012 ikabidi itolewe upya. Predator ilipata madhara hayohayo kwenye toleo la 2010. Chanzo bora, diski yenye nafasi ya kutosha, na bado matokeo mabaya, kwa sababu mtu aliyekaa katikati aliona chembe kuwa uchafu.

Uondoaji wa vumbi nao una mtego wake. Programu hutambua vumbi kwa kanuni rahisi: kitu kilichopo kwenye fremu moja na hakipo kwenye iliyotangulia wala inayofuata, kifutwe. Sasa ichukue sehemu ya Pather Panchali pale masika yanapokaribia. Wadudu wanacheza juu ya maji ya bwawa, kisha matone ya kwanza yanaanguka. Tone la mvua linaonekana kwenye fremu moja tu. Mdudu anayeruka vilevile. Ukiiacha programu ijiendeshe yenyewe kwenye sekunde kama hizo, itakula mvua. Njia salama ni kuizima pale na kufanya kwa mkono, fremu kwa fremu, kama mtu anayetenga chuya kwenye mchele. Ni polepole, na ndiko miezi inakokwenda.

Kutoka terabaiti 9 hadi diski moja

DVD ya mfumo wa PAL, unaotumika Tanzania, Kenya na Uingereza, ina pikseli 720 kwa 576. Filamu za Apu zina umbo la 1.37 kwa 1, kwa hiyo kwenye Blu-ray picha inachukua pikseli zipatazo 1480 kwa 1080, na pembeni panabaki peusi. Hiyo ni karibu mara nne ya DVD. Ni nyingi, lakini kama tulivyokwisha kusema, pikseli nne za fotokopi mbaya ni fotokopi mbaya iliyokuzwa.

Faida ambayo watu huisahau ni kasi. DVD ya PAL huendesha fremu 25 kila sekunde. Filamu ilipigwa kwa 24. Kwa kawaida filamu huharakishwa tu. Pather Panchali ya dakika 125 inakwisha kwa dakika 120, na sauti inapanda kwa zaidi ya nusu ya nusutoni. Muziki wa filamu hii ni sitar, ala ya nyuzi ya Kihindi, ya Ravi Shankar. Kwenye diski iliyoharakishwa, Shankar anapiga kwa sauti ambayo hakuipiga na kwa mwendo ambao hakuuchagua. Blu-ray huendesha fremu 24, na kosa hilo linaondoka bila ukarabati wowote.

Tabaka mbili za Blu-ray zina gigabaiti 50. Ukiibana Pather Panchali kwa megabiti 30 kwa sekunde, inachukua gigabaiti 28, sawa na kilobaiti 156 kwa kila fremu. Ukiitazama kwa intaneti kwa megabiti 5, ni gigabaiti 4.7 za bando lako, na kila fremu inabaki na kilobaiti 26. Kanuni za kubana video hutegemea kubashiri: fremu hii inafanana na iliyopita, kwa hiyo tunza tofauti tu. Chembe hazibashiriki, maana kila fremu ina mpangilio mpya wa chembe. Nafasi ikiwa ndogo, kibanaji kinazitupa, na pamoja nazo vinakwenda vitu vyote vinavyotembea ovyo: moshi, maji, majani. Shamba la maua meupe ya kaash ambamo Apu na dada yake Durga wanakimbilia treni linakuwa uji. Lilivyosumbua kupatikana shamba lile! Ray alipiga sehemu moja Oktoba 1952, aliporudi juma lililofuata akakuta ng'ombe wameyala maua yote, ikambidi asubiri msimu wa mwaka uliofuata. Kisha tunaiacha simu itafune kilichobaki.

Kuna jambo moja ambalo Blu-ray haizidi DVD: zote mbili hutumia biti 8, yaani ngazi zilezile za kijivu. Kijivu cha Mitra kinachorudi kwenye Blu-ray kimetoka kwenye negativu na kwenye ubanaji mpole. Ngazi za ziada ziko kwenye diski za UHD, yaani za 4K, zinazotumia biti 10.

Runinga inavyoweza kuharibu yote

Runinga nyingi hutoka dukani zikiwa zimepangwa kwa mwanga wa duka. Kwa filamu hizi, chagua kwanza mpangilio wa picha ulioandikwa "Cinema" au "Movie". Kisha teremsha "Sharpness" hadi mistari myeupe inayozunguka maandishi ipotee. Kwenye runinga nyingi hiyo ni sifuri au karibu yake. Zima "Noise Reduction" zote, kwa sababu hicho ni kisafishi kilekile kilichoharibu Patton, sasa kikiwa sebuleni kwako. Zima pia kipengele cha kulainisha mwendo, ambacho hubuni fremu ambazo kamera haikupiga. Kwenye mashine ya diski, ruhusu fremu 24.

Usiikuze picha ili kufunika weusi wa pembeni. Kujaza skrini ya 16 kwa 9 kwa filamu ya 1.37 kunakata asilimia 23 ya urefu wa picha, na kwa kawaida vinavyoondoka ni utosi na kidevu. Ukiivuta kwa upana badala ya kuikuza, Durga ananenepa.

Umbali nao una sauti yake. Runinga ya inchi 43 ina kimo cha sentimita 53 na nusu hivi. Jicho zima, likiwa mita 3 kutoka hapo, linatenganisha mistari ipatayo 610 tu. Karibu sawa na DVD. Ili mistari 1,080 ionekane yote, sogea hadi mita 1.6 au 1.7. Watu wengi wanaosema hawaoni tofauti kati ya DVD na Blu-ray wana haki kabisa. Kochi lao liko mbali. Hata hivyo, wakiwa kwenye kochi hilohilo, wataiona tofauti ya kizazi cha mkanda, kwa sababu kijivu, mwanga na utulivu wa picha havihitaji kusogelewa.

Anayetaka kununua toleo la filamu nyingine ya zamani asome maelezo ya chanzo kabla ya bei. Neno "Remastered" kwenye jalada halimwambii chochote. Atafute mkanda gani ulioskaniwa, kwa wingi gani wa pikseli, na mwaka gani. Yasipotajwa, asimamishe picha kwenye maandishi ya mwanzo: kingo zenye ngazi au mistari maradufu ni dalili kwamba video ya zamani imekuzwa tu, na mistari ya mlalo kama meno ya kitana kwenye kitu kinachotembea inathibitisha. Halafu atafute uso wa karibu, mtu akiwa ametulia. Chembe zikicheza juu ya ngozi na ngozi ikiwa na vitundu vyake, sawa. Ngozi ikiwa tuli kama bango huku macho peke yake yakisogea, airudishe diski.

Na mwenye seti ya Apu mkononi aanze jaribio na Aparajito: pale Harihar, baba yake Apu, anapokata roho na kundi la njiwa linaruka juu ya Banaras. Asimamishe picha njiwa wakiwa hewani. Kila bawa linapaswa kuwa na ukingo wake.